Rivyu: wakili wa patenti za dawa hapa Arusha, miezi 7 nikiwa mteja wake

Naanza na nyota ili mwenye haraka aendelee na mambo yake: 4 kati ya 5. Hiyo moja nimeikata kwa sababu ya ngazi na kwa sababu ya simu, ntaeleza mbele huko. Jina lake siweki. Mawakili hapa kwetu hawaruhusiwi kujitangaza kama wauza simu na sitaki mtu amfuate na maswali kwamba amenilipa niandike. Hajanilipa, mimi ndo nimemlipa yeye, tena kwa risiti ya EFD kila mara, hata ile laki na nusu ya siku ya kwanza.

Nimeona niandike kwa sababu wakati namtafuta mtu wa hii kazi ya patenti (ile haki ya mgunduzi kutengeneza na kuuza kitu peke yake kwa miaka fulani) sikupata hata sentensi moja ya maana. Ukiuliza watu wakili wa mambo ya dawa unapelekwa kwa wakili wa madawa ya kulevya. Aisee nimepelekwa kweli, kwa kijana mmoja mstaarabu sana, akanisikiliza dakika kumi nzima ndo akaniuliza kwa upole ndugu yangu amekamatwa na gramu ngapi.

Sisi ni mimi na shemeji, tuna duka la dawa la jumla Moshi, siyo la kutisha, tunasambaza kwenye maduka ya Himo, Marangu, Mwika mpaka Same huko. Shemeji ndo mfamasia, mimi ni hesabu na mizigo. Mwaka juzi akaanza kuongea na kiwanda kimoja India, wanatengeneza vidonge vya kisukari, siyo metformini hii ya siku zote, ni dawa mpyampya kidogo, na bei yao ukiweka pembeni ya bei ya kampuni iliyogundua unaweza ukacheka. Bidhaa mbili: ya kwanza dawa yenyewe tupu, ya pili dawa hiyohiyo imechanganywa na metformini kwenye kidonge kimoja. Sisi tuwe wawakilishi wao huku, tusajili TMDA (mamlaka ya dawa ya Tanzania), tuagize. Ukiona wazee wangapi wanakuja kuomba wakatiwe nusu pakti kwa sababu hela ya mwezi mzima haijatimia, utaelewa kwa nini shemeji alikuwa halali usiku akipiga hesabu.

Kabla hatujapeleka hata karatasi moja ikaja barua. Kurasa mbili, Kiingereza cha kutisha, kutoka kwa mawakili wa Dar kwa niaba ya kampuni yenye dawa. Walijuaje sijui, nahisi kuna msambazaji mwenzetu tulimdokeza akaenda kutusemea. Barua inasema tunajiandaa kuingiza dawa "bandia", tuna siku 14 za kuandika kwamba tumeacha, la sivyo ni Mahakama Kuu na Tume ya Ushindani waje wakague stoo. Shemeji alisoma lile neno bandia mara tatu akakaa chini. Mfamasia wa miaka 20 kuitwa muuza dawa bandia siyo jambo dogo.

Tukakimbilia kwa wakili wetu wa siku zote, wa mashamba na mirathi. Kesi ya kihamba cha babu alitushindia vizuri tu, simsemi vibaya kwenye eneo lake. Ila hapa alichukua laki nane akaandika jibu la moto kwamba patenti za Ulaya hazina nguvu Tanzania na kampuni ituombe radhi. Ilisomeka vizuri mno, mpaka tulipigiana makofi. Baadaye ndo tukaja kujua ile sentensi ilikuwa kweli nusu, na nusu iliyobaki ndo ingetufunga.

Rafiki mmoja mfamasia akatuambia acheni mchezo, nendeni Arusha kuna mama pale.

Basi tukapanda Coaster asubuhi, mvua, foleni ya Usa River kama kawaida, tukafika saa nne wakati ahadi ni saa tatu na nusu. Ofisi iko karibu na mnara wa saa, ghorofa ya tatu, lifti imekufa na kwa mujibu wa mlinzi imekufa tangu enzi. Shemeji ana goti. Alipanda zile ngazi huku anaongea Kichaga peke yake.

Mama mwenyewe ni wa miaka hamsini na kitu, sweta la kufuma, miwani imening'inia kifuani. Ukutani hakuna vyeti. Kuna ubao wa kizibo umebandikwa maboksi matupu ya dawa, ya presha, ya kifua kikuu, ya malaria, na chini ya kila boksi ameandika tarehe mbili kwa peni, moja nyekundu moja ya bluu. Mimi nikajua ni tarehe za kuisha muda wa dawa. Siyo. Nyekundu ni siku patenti inakufa, bluu ni siku usajili unatakiwa kuhuishwa. Akasema kazi yake yote ni hizo kalenda mbili, na wateja wengi wanakuja wakiwa wameangalia moja tu.

Tukaamkia, shikamoo mama, marahaba wanangu kaeni. Shemeji akaanza kuhadithia kwa hasira akamkatiza kidogo: "Ngoja mangi, kwanza niambie kampuni gani imewaandikia." Akatoka nje dakika kama tano. Aliporudi akasema alikuwa anaangalia kama aliwahi kuwafanyia kazi wale watu, maana angekuwa amewahi asingetusikiliza hata neno moja na hela yetu angeturudishia. Kitu kidogo hicho ila nikampa alama kichwani palepale. Yule wa laki nane hakuuliza.

Historia yake tumeipata vipandevipande, siyo mtu wa kujisifu, lakini naiweka kwa sababu bila hiyo huwezi kuelewa unachonunua. Alianza kama mfamasia, dirishani, hospitali, Moshi hukuhuku. Tulipomuuliza kwa nini alihamia sheria nilitegemea hadithi ya uchungu wa wagonjwa, akasema miguu ilikuwa inamuuma kusimama. Akasoma sheria jioni, akaenda Marekani kuongeza shahada, akabaki miaka kadhaa kwenye kampuni ya mawakili inayopigana kesi za dawa. Kupigana kwenyewe anasema ni kukaa kwenye chumba hakina dirisha unasoma madaftari ya maabara ya mkemia aliyestaafu, ukurasa kwa ukurasa, unatafuta ni siku gani hasa alipata ile molekuli, yaani kiambato chenyewe cha dawa, na kama kuna mtu aliiandika kabla yake.

Hapo akatufafanulia mchezo wa kule na mimi nikasahau kwamba saa inahesabu hela. Marekani wana sheria ya 1984, Hatch-Waxman. Mamlaka yao ya dawa, FDA, ina orodha wanaiita kitabu cha chungwa kwa sababu ya rangi ya jalada, ndani yake kampuni zinaandikisha patenti za kila dawa. Mtengeneza jeneriki, yaani dawa ileile kutoka kiwanda kingine, akitaka kuingia kabla patenti haijaisha anaandika tamko kwamba hiyo patenti ni batili au yeye haigusi. Mwenye dawa akipewa taarifa ana siku 45 za kushtaki, akishtaki ndani ya hizo siku FDA inasimamisha idhini mpaka miezi 30. Na jeneriki wa kwanza kuthubutu akishinda anaweza kupata siku 180 za kuuza bila jeneriki wengine kumfuata. Kwa hiyo kule kesi inapiganwa kabla kidonge kimoja hakijauzwa, na kila upande unajua namba ya patenti inayogombewa.

Akashika barua yetu. "Sasa nionyesheni namba hapa."

Tukaisoma wote watatu. Kurasa mbili nzima hamna namba ya patenti hata moja. Hamna nchi, hamna tarehe. Kuna vitisho na muhuri. Sisi tulikuwa tumeisoma labda mara arobaini na hatukuona, kwa sababu ukitishwa unasoma maneno makubwa tu.

Kwa hiyo barua yake ya kwanza kwao ilikuwa ya mistari sita, kwa adabu zote, inaomba namba. Tulisikitika kidogo kwamba haina moto. Wale watu wakajibu baada ya wiki tatu, siku 14 zao zilishapita na hakuna aliyekuja kukagua stoo.

Hapa ndo penye utamu wa huduma na ndipo hela nyingi ilipokwenda, milioni mbili na laki tatu. Kwetu hakuna kitabu cha chungwa. TMDA wanaangalia ubora, usalama na kama dawa inafanya kazi, suala la nani ana patenti siyo lao, kwa hiyo unaweza kupata usajili safi kabisa na bado ukashtakiwa kesho yake. Kibali siyo kinga, hilo alilirudia mpaka shemeji akawa analimalizia. Patenti, au hataza kama BRELA (wakala wa serikali wa usajili) wanavyoiita, unaitafuta BRELA na unaitafuta ARIPO kule Harare (shirika la nchi za Afrika linalosajili patenti), maana Tanzania iko kwenye Protokali ya Harare na kampuni ikipeleka ombi moja Harare inachagua nchi inazotaka zihesabiwe. Ikiwa haikuitaja Tanzania, kwa njia hiyo hapa haina kitu. Ikiwa iliitaja halafu ikaacha kulipa ada ya mwaka, inakufa hapa hata kama Kenya iko hai.

Alipekua zote mbili, akaturudishia jedwali la ukurasa mmoja. Patenti ya molekuli yenyewe: nchi zilitajwa, Tanzania haimo. Patenti ya mchanganyiko na metformini: Tanzania imo, ada imelipwa kila mwaka, iliwasilishwa 2009, miaka 20, inaisha 2029.

Maana yake bidhaa ya kwanza endeleeni, ya pili wekeni chini.

Shemeji hakukubali. Alikuwa amesoma kwenye simu kwamba nchi maskini zimeruhusiwa kutotambua patenti za dawa mpaka 2033, akapiga meza, akasema mama sisi tuna msamaha wa WTO, Shirika la Biashara Duniani! Na ni kweli msamaha upo, Novemba 2015 kule WTO waliusogeza mpaka tarehe 1 Januari 2033 kwa nchi zenye maendeleo duni, na Tanzania imo. Yule mama hakubishana, akamuuliza mangi, serikali ikikuruhusu kujenga ghorofa ina maana ghorofa limeshasimama? Msamaha unaipa nchi ruhusa ya kuandika sheria inayoziweka dawa pembeni. Nchi isipoandika, patenti iliyosajiliwa inabaki ni patenti, na jaji ataisoma sheria ya nchi, hatasoma habari kwenye simu yako. Akaongeza kwamba Zanzibar wana sheria yao tofauti ya hayo mambo, tusije tukachukua jibu la Bara tukavuka nalo maji.

Sijui wengine mngejisikiaje ila mimi hapo ndo niliona thamani. Kuna mawakili wangeichukua ile hasira ya shemeji wakaifanyia kesi ya miaka minne. Huyu alimwambia hapana na akamwandikia hapana kwenye karatasi yenye saini.

Kuhusu neno bandia alitumia muda mrefu zaidi, nadhani aliona limemuuma mwenzangu. Jeneriki ni dawa yenye kiambato kilekile, imepimwa, imesajiliwa, ina jina la aliyeitengeneza. Bandia ni ile inayodanganya asili yake au kilichomo. Kuchanganya hayo mawili siyo bahati mbaya, anasema, ni mbinu ya zamani, ukiita jeneriki bandia unawaletea watu forodha na polisi badala ya kwenda kubishana na mkemia mahakamani. Akatoa mfano wa Kenya, walipitisha sheria ya bidhaa bandia 2008, tafsiri yake imekaa vibaya kiasi kwamba jeneriki halali ingeweza kukamatwa, watu watatu wanaoishi na virusi vya ukimwi wakaenda Mahakama Kuu Nairobi, na Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi akasema vifungu vile vinahatarisha haki yao ya uhai na afya. Hukumu ya Kenya haimfungi jaji wa Tanzania lakini anaweza kuisoma, na jirani akiwa ameshafikiri kabla yako kuna ubaya gani. Hiyo aya aliiweka kwenye jibu la pili kwa wale mawakili wa Dar. Barua yao iliyofuata neno bandia halikuwepo tena, shemeji ameitunza kwenye bahasha ya plastiki.

Kuna siku nilimuuliza, mama sasa kampuni si imeshapata patenti moja, hizi nyingine zinatoka wapi. Akacheka. Akasema molekuli ni mgomba, halafu wanakuja kuandikisha na ndizi, na mtori, na machalari, na maganda. Kwanza molekuli, halafu chumvi yake (ya kikemia, siyo ya mezani), halafu umbo la fuwele, halafu mchanganyiko, halafu namna ya kumeza, kila moja na miaka 20 yake. India wao kifungu cha 3(d) cha sheria yao ya patenti kinakataa aina mpya ya kitu kinachojulikana kama haiongezi ufanisi, ndo kampuni ya Novartis walipokwama na Glivec ya saratani ya damu, Mahakama ya Juu ya India tarehe 1 Aprili 2013, walikuwa wanataka patenti ya fuwele ya imatinibu, kiambato cha hiyo Glivec. Kwa hiyo jeneriki ya India ikija kwako usidhani ni kwa sababu Wahindi hawaheshimu sheria, sheria yao ndo imeandikwa hivyo.

Halafu akatoa mfano wa bedakwilini, dawa ya kifua kikuu sugu, na hapo nilinyamaza maana inanihusu. Baba yangu mdogo alipata kifua kikuu sugu, akalazwa Kibong'oto kule Siha, akameza hizo bedakwilini, leo yuko Machame anagombana na majirani kuhusu mfereji. Patenti ya msingi ya ile dawa ilikuwa ya Johnson & Johnson na iliisha nchi nyingi Julai 2023, lakini walikuwa na ombi la pili la chumvi yake ambalo lingewasogeza mpaka 2027. Waliolipinga India ni wanawake wawili waliopona huo ugonjwa, Nandita Venkatesan wa India na Phumeza Tisile wa Afrika Kusini, wote sindano za zamani za kifua kikuu ziliwaharibu masikio. Machi 2023 ofisi ya patenti ya India ikalikataa ombi. Mwaka uleule bei ya hao Johnson wenyewe kupitia mfuko wa kimataifa wa dawa za kifua kikuu ikashuka mpaka dola 130 kwa kozi ya miezi 6. Nilikuwa nadhani patenti ni mambo ya watu wa makaratasi.

Upande wa TMDA nitapita haraka, siyo kwamba hakufanya kazi, ni kwamba kazi yenyewe inachosha kuisimulia. Dosia, yaani furushi la nyaraka za kuombea usajili, ina sehemu tano, kuna za utawala, za muhtasari, za ubora, za majaribio ya maabara na za majaribio kwa watu. Kwa jeneriki, kubwa ni ubora pamoja na ile tafiti ya kuonyesha kidonge chako kinaingia kwenye damu sawa na cha mwenye dawa. Kiwanda chetu kilituma data ya uthabiti (ya kuonyesha dawa haiharibiki ikikaa) iliyofanyika kwa nyuzi 25 za joto, yule mama akaishika dakika mbili akasema hii ni ya nchi za baridi, kwetu wanataka 30, warudieni. Mwanasheria wa kawaida hawezi kuona hicho kitu hata umlipe mara mbili, hicho ameona mfamasia wa dirishani. Pia alituchorea kwamba kuna njia ya Afrika Mashariki ya kupitia dosia kwa pamoja, mpango uliozinduliwa hapahapa Arusha Machi 2012, ukitaka nchi kadhaa kwa mpigo, ila tukumbuke idhini inaweza kupitiwa pamoja na patenti bado ni ya kila nchi. Sisi tukabaki na Tanzania, mtaji ndo unaongea.

Sasa malalamiko. Ngazi nimeshasema. Simu: anahesabu. Nilimpigia kumuuliza kama amepokea imeili, dakika sita, zikaingia kwenye invoisi kama robo saa. Wasapu hajibu, unaona tiki mbili za bluu halafu kimya siku tatu, ukimuuliza anasema ushauri wa kisheria hautolewi na vidole gumba. Sawa lakini hata "nimeona" tu jamani. Na anaongea na wewe kama umesoma naye, ukimwacha aanze na madai, yaani zile sentensi zenye namba mwishoni mwa patenti, dai la 1, dai la 2, dai la 7 linalotegemea la 1, unatoka pale kichwa kinavuma. Nendeni na mtu wa kuandika. Chai hamna pia, kwa mtu aliyekuzwa Kilimanjaro hiyo sijaielewa mpaka leo, tumeishia kula chapati pale chini barabarani.

Bei kwa jumla mpaka sasa ni milioni nne na nusu hivi, pamoja na utafutaji, barua tatu na kupitia dosia. Wengine watasema kubwa. Mimi nimeweka pembeni ya mzigo wa bidhaa ya pili ambao tulikuwa tuulipie amana, ungekamatwa bandarini ungekula duka na nyumba ya shemeji. Na nimeweka pembeni ya ile laki nane, ambayo barua yake ilibidi tulipe nyingine kuifuta. Kama una duka la rejareja tu na unanunua kwa wasambazaji waliosajiliwa huna haja naye, atakwambia hivyo mwenyewe na atakutoza laki na nusu ya kukwambia. Wenye kutengeneza dawa za asili pia alituambia huwa anawapokea lakini wengi anawaelekeza kwanza kwenye Baraza la Tiba Asili, maana wanakuja wakitaka patenti ya mti.

Tulipo sasa: bidhaa ya kwanza iko TMDA, maswali ya awamu ya kwanza yamerudi, mengi ni ya ile data ya nyuzi 30 ambayo kiwanda kimetuma mwezi uliopita. Wale wa Dar hawajaandika tena. Bidhaa ya pili shemeji amekubali kwa shingo upande, ila juu ya friji ya insulini ameandika ukutani 2029 kwa maka peni, kubwa kabisa, peni ile isiyofutika, na duka lenyewe tumepanga.